Mwamba Ngoma na Ngozi Yake: Mekanika ya Seli, Hesabu za Tarakilishi na Damu ya Watoto wa Pwani

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwasuta wale wanaopendelea nafsi zao au jamaa zao. Hata hivyo, kabla ya kuwa suto, methali hii ni maelezo ya kazi ya mikono. Fundi hulowesha ngozi, huitandaza juu ya mdomo wa ngoma, huivuta kutoka kila upande, kisha huipigilia. Ngozi ikilegea, ngoma hufifia. Ikikazika, ngoma hulia. Ndiyo maana wapigaji huiota ngoma motoni kabla ya kuanza kucheza. Makala haya yanaazima picha hiyo ili kueleza taaluma ambayo ni nadra kujadiliwa katika majarida ya Kiswahili, nayo ni uundaji wa modeli za tarakilishi zinazoeleza mekanika ya seli, tishu na viinitete. Kwa maneno mengine, ni elimu inayohesabu jinsi viumbe hivi vidogo vinavyovutwa, vinavyosukumwa, vinavyopindwa na vinavyokazika.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na elimu hiyo. Jibu la swali hili liko barabarani. Mtu akivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kuifuata barabara ya Malindi, hufika Bamburi, mahali palipojulikana kwa saruji, machimbo ya mawe na fukwe. Akiendelea kwa barabara iyo hiyo, akapita Shanzu na Mtwapa, hatimaye hufika Kilifi. Ni katika mji huo ambapo Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, imeendesha kituo cha utafiti tangu mwaka 1989. Na ni katika damu ya watoto wa huko Kilifi ambapo ilithibitishwa, mwaka 2020, kwamba ukazikaji wa ngozi ya seli unaweza kumtenganisha mtoto na malaria kali.

Mzazi wa Bamburi au wa Utange ambaye mtoto wake amepandwa na homa usiku wa masika hujiuliza swali moja lenye uchungu: mbona mtoto wa jirani, aliyelala chumba chenye mbu wale wale, hakuzidiwa? Kwa muda mrefu swali hili lilijibiwa kwa majaliwa peke yake. Makala haya yanaonyesha kwamba sehemu ya jibu inapatikana katika mekanika, na kwamba jibu hilo linaweza kuelezwa kwa Kiswahili kwa ukamilifu.

2.0 Seli kama Ngoma: Dhana za Msingi

Seli nyekundu ya damu ni mojawapo ya seli sahili zaidi katika mwili wa binadamu. Haina kiini. Ina umbo la kitumbua kilichobonyea katikati pande zote mbili, na upana wake ni takriban mikromita 8. Ili kutimiza milimita moja, seli kama 125 zingelazimika kupangwa kwa safu. Huishi kwa takriban siku 120, na katika muda huo huzunguka mwilini bila kikomo, ikijipenyeza katika kapilari ambazo ni nyembamba kuliko yenyewe na katika nyufa za bandama ambazo ni finyu zaidi. Isingeweza kujikunja, ingekwama. Bandama huwa kama mlinzi wa lango: seli iliyokakamaa huzuiliwa na kuondolewa, nayo iliyo nyumbufu huruhusiwa kupita.

Ili kueleza unyumbufu huo, wataalamu hutofautisha sifa tatu. Ya kwanza ni mkazo wa utando, yaani jinsi ngozi ya seli ilivyovutwa. Hii ndiyo sifa ya ngoma. Ya pili ni ukinzani wa kupindwa. Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta zilizolaliana, na kama ukili wa mkeka, hukubali kupinda lakini kwa gharama fulani ya nishati. Ya tatu ni wavu wa ndani. Chini ya utando kuna nyuzi za protini zilizofungamana kwa vifundo, mithili ya jarife la mvuvi, na nyuzi hizo huirudishia seli umbo lake kila inapotoka mahali pembamba.

Mwaka 1970 Peter Canham alidai kwamba umbo la kitumbua kilichobonyea si ajali, bali ni umbo linaloupunguzia utando gharama ya kupindwa. Mwaka 1973 Wolfgang Helfrich akaiweka gharama hiyo katika mlinganyo unaotumika hadi leo. Umuhimu wa kazi hizi mbili ni kwamba ziliifanya seli, ambayo hapo awali ilichorwa na kusimuliwa tu, ianze kuhesabiwa.

3.0 Tarakilishi Inavyoiunda Seli

Neno tarakilishi, ambalo limeenea Kenya, na neno kompyuta, ambalo limeshika mizizi Tanzania, huashiria chombo kimoja. Kwa madhumuni ya makala haya, neno la kwanza lina faida yake, kwa kuwa linabeba ndani yake tarakimu. Kazi inayozungumziwa hapa ni ya tarakimu hasa.

Mwanasayansi anayetaka kuunda modeli ya seli nyekundu huanza kwa kuugawa uso wake katika pembetatu ndogo ndogo, mamia au maelfu kwa hesabu. Kila pembe ya pembetatu huwa kifundo, na kila upande huwa uzi unaovutika kama springi. Baadaye huweka masharti. Uzi ukivutwa kupita kiasi chake, urudi. Pembetatu mbili zinazopakana zikipinda, zilipe gharama ya kupinda. Jumla ya eneo la ngozi isibadilike kwa kiasi kikubwa, wala ujazo wa seli. Umajimaji unaoizunguka seli nao usukume na uburute.

Masharti yakishawekwa, tarakilishi huhesabu kani zote zinazokifikia kila kifundo, hukisogeza hatua ndogo mno kufuata kani hizo, kisha huhesabu upya. Tendo hilo hurudiwa mamilioni ya mara. Hakuna mahali popote katika programu palipoandikwa kwamba seli ijikunje kama mwavuli inapoingia kapilari. Kujikunja huko hutokea kwenyewe, kutokana na masharti madogo yaliyotimizwa na kila kifundo kwa zamu yake.

Mwanafunzi wa fasihi hapaswi kuiona mbinu hii kuwa ngeni sana. Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, aliacha kando majina ya wahusika, mavazi yao na mandhari, akabakisha majukumu 31 na taratibu za kufuatana kwake. Alichobaki nacho hakikuwa ngano yoyote mahususi, lakini kilieleza jinsi ngano nyingi zinavyojengeka. Propp mwenyewe aliliazima neno mofolojia kutoka elimu ya viumbe. Vivyo hivyo, modeli ya seli huacha mengi ili ieleze machache kwa uthabiti. Modeli nzuri hupimwa kwa kile inachoweza kutabiri baada ya kuacha hayo mengi.

Mfano mmoja unatosha. Kimelea cha malaria kikishaingia ndani ya seli nyekundu na kuanza kukua, seli hiyo hupoteza unyumbufu wake siku kwa siku. Mwaka 2011 Dmitry Fedosov, Bruce Caswell, Subra Suresh na George Karniadakis walichapisha modeli ya aina iliyoelezwa hapo juu, wakaonyesha jinsi seli zilizoambukizwa zinavyopita, zinavyonata na zinavyokwama katika mishipa midogo. Kukwama huku ndiko kunakoifanya malaria kali ishambulie ubongo wa mtoto. Kwa hiyo, hesabu za springi na vifundo haziko mbali na kitanda cha wodi.

4.0 Damu ya Kilifi na Kundi la Dantu

Uhusiano baina ya umbo la seli na malaria ulianza kujulikana Afrika Mashariki zamani. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo mwaka 1949. Aligundua kwamba sifa ya selimundu ilipatikana kwa wingi miongoni mwa wakazi wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako malaria ilikuwa ya kudumu, na kwa uchache miongoni mwa wakazi wa nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: aliyerithi jeni moja ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria, ilhali aliyerithi mbili huugua. Katika ugonjwa huo, himoglobini hujipanga kama fito ndani ya seli pindi oksijeni inapopungua, seli hukakamaa na kupinda kama mundu, nayo mishipa midogo huziba. Hapa mekanika ni ngao kwa mtoto mmoja na ni mateso kwa nduguye.

Kisa cha pili ni cha karibuni zaidi. Mwaka 2017 kundi la watafiti, akiwemo Ellen Leffler, lilitangaza kwamba kundi la damu liitwalo Dantu linaambatana na kupungua kwa malaria kali. Dantu hutokana na jeni mbili jirani, zinazotengeneza protini za ngozi ya seli nyekundu ziitwazo glaikoforini A na B, kuchanganyika na kuzaa jeni chotara. Kundi hili hupatikana kwa kiasi cha kuonekana katika baadhi ya sehemu za Afrika Mashariki, Kilifi ikiwa mojawapo.

Kinga hiyo hutokeaje? Dhana ya awali ilikuwa ya kufuli na ufunguo. Ilidhaniwa kwamba kimelea hutumia glaikoforini kama tundu la kufuli, na kwamba jeni chotara imebadilisha tundu, basi ufunguo haungii. Silvia Kariuki wa Kilifi na wenzake walichukua damu ya watoto 42 wenye afya njema, baadhi wakiwa hawana jeni ya Dantu, wengine wakiwa na nakala moja, na wengine nakala mbili. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2020 katika jarida la Nature, hayakuunga mkono dhana hiyo. Ni kweli kwamba protini za uso wa seli zilikuwa zimebadilika kwa mapana. Hata hivyo, kushindwa kwa vimelea hakukufuatana na ufunguo wowote mahususi. Kulifuatana na mkazo wa utando. Seli za Dantu zilikuwa zimewambwa zaidi.

Ili kulielewa jambo hili, inafaa kulitazama tendo lenyewe la uvamizi. Kimelea kinachovamia ni kidogo sana, upana wake ukiwa kama mikromita moja hadi mbili, na umbo lake linakaribia yai. Hunata kwenye ngozi ya seli, hujigeuza hadi ncha yake ielekee ndani, kisha huingia huku kikivikwa utando wa seli yenyewe. Kuingia kwake hakutoboi seli, bali huifanya seli imkumbatie adui. Mwaka 2014 Sabyasachi Dasgupta na wenzake, akiwemo Gerhard Gompper, walilihesabu kumbato hilo. Katika hesabu ya aina hii kuna faida na gharama. Faida ni nishati inayopatikana kwa kunatana. Gharama ni mbili, yaani ya kuupinda utando ili umzunguke mgeni, na ya kuuvuta kutoka pembeni ili utoshe kumfunika.

Gharama hizi mbili zina tabia tofauti. Katika kulifunika tufe, gharama ya kupinda haitegemei ukubwa wa tufe, kwa kuwa tufe kubwa lina eneo kubwa lakini mpindo mdogo, na mambo hayo mawili hufidiana. Gharama ya mkazo, kwa upande mwingine, huongezeka kwa kadiri ya eneo linalofunikwa na kwa kadiri utando ulivyokazwa. Mtu akiweka embe juu ya leso iliyolegea, leso hulizunguka embe bila taabu. Akiliweka embe lilo hilo juu ya ngozi ya ngoma, halizami. Kimelea kina nguvu zake za kujisukuma, hivyo si embe tupu. Lakini nguvu hizo zina ukomo.

Ndivyo ilivyoonekana chini ya hadubini. Video za uvamizi zilionyesha kwamba kuna kiwango cha mkazo ambacho, kikipitwa, ni nadra kimelea kufaulu kuingia. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kiwango hicho kilihusu seli zote, hata za watoto wasio na Dantu. Katika damu ya kila mtu kuna seli zilizolegea na zilizokazika. Tofauti ni kwamba katika damu ya Dantu, sehemu kubwa zaidi ya seli iko juu ya kiwango hicho. Aliyerithi nakala mbili hupata kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali ya kila aina, kinga inayokaribiana na ile ya mwenye jeni moja ya selimundu.

Na mkazo huo ulipimwaje? Hapa ndipo umuhimu wa modeli unapodhihirika. Hakuna chombo kilichofungwa kwenye seli ili kuivuta. Utando wa seli hai hutetemeka daima, na mtetemeko huo hunaswa na kamera kwa kasi kubwa. Tarakilishi huufuatilia ukingo wa seli picha kwa picha, huyapima mawimbi yake, kisha huuliza: ni mkazo gani na ukinzani gani wa kupinda ambao, kwa mujibu wa mlinganyo wa Helfrich, ungezaa mawimbi ya namna hii? Ngozi iliyolegea huyumba kwa mawimbi mapana, iliyokazwa hutulia. Kwa hiyo, mkazo hauonekani kwa macho hata ya hadubini. Huhesabiwa. Ni sawa na mpigaji mahiri anayejua ngozi ilivyokaza kwa kuisikia ikilia.

5.0 Kutoka Seli hadi Tishu na Kiinitete

Seli nyekundu husafiri peke yake. Seli nyingi za mwili hazina uhuru huo, kwa kuwa zimeshikana na jirani zake na kuunda tishu. Modeli za tishu hulazimika kuhesabu kani ndani ya kila seli, na pia kani baina ya seli na jirani yake. Picha inayotumika sana ni ya sega la nyuki, ambapo kila chumba ni seli, kuta zinashirikiwa, na ukuta mmoja ukifupika vyumba vyote vya pembeni husogea. Wazo kwamba maumbo ya viumbe hutokana na kani, na si na urithi peke yake, lilitetewa na D'Arcy Thompson katika kitabu chake cha mwaka 1917. Lililokosekana wakati wake ni chombo cha kufanyia hesabu.

Machimbo ya Bamburi yanatoa kielelezo kizuri cha fikra hii. Jiwe linalochimbwa huko ni matumbawe ya kale. Kila tumbawe ni jamii ya wanyama wadogo, na kila mnyama hujijengea kikombe chake cha chokaa kwa kumtegemea jirani. Hakuna mnyama hata mmoja aliyekuwa na ramani ya mwamba mzima, na hata hivyo mwamba ulisimama, ukazuia mawimbi, na baada ya maelfu ya miaka ukawa mali ghafi ya kiwanda kilichoanza kuzalisha saruji mwaka 1954. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kuyarudishia uhai machimbo yaliyokwisha kuchimbwa, alipanda mivinje na kuwaachia majongoo kazi ya kusaga majani yake yawe udongo. Msitu uliopo leo katika bustani iitwayo kwa jina lake haukuchorwa mti kwa mti. Ulitokana na masharti machache yaliyowekwa sawa.

Kiinitete hujengeka kwa namna hiyo. Mwaka 1981 Garrett Odell, George Oster, Pere Alberch na Beth Burnside walichapisha modeli ya tarakilishi ya safu ya seli zilizoshikana. Kila seli ilipewa sharti moja kuu: ukivutwa upande wako wa juu kupita kiasi fulani, jibu kwa kujikaza upande huo. Seli moja ikijikaza, humvuta jirani, naye akajikaza, na wimbi la kujikaza likasambaa. Matokeo yake ni kwamba safu iliyokuwa bapa hujikunja na kuwa mfereji. Hakuna seli iliyoamriwa kutengeneza mfereji.

Mfereji huo si mchezo wa hesabu. Katika mwezi wa kwanza wa mimba, kabla ya wanawake wengi kutambua kwamba ni wajawazito, safu ya seli mgongoni mwa kiinitete hujikunja, kingo zake hukutana na kufungana, nayo huwa mrija unaozaa ubongo na uti wa mgongo. Kingo zisipofungana, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Upungufu wa asidi ya foliki katika chakula cha mama huongeza hatari hiyo. Asidi hiyo haivuti wala haisukumi. Kazi yake ni kuziwezesha seli kugawanyika na kujijenga, ili ziwepo za kutosha na kwa wakati zinapohitajika kujikunja. Ndiyo sababu Kenya, mwaka 2012, ililazimisha unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti uongezwe virutubishi, asidi ya foliki ikiwemo. Pakiti ya unga katika duka la Kiembeni au Mtopanga imebeba, bila ya kulitaja, somo la mekanika ya kiinitete.

6.0 Mipaka ya Modeli

Si halali kuzisifu modeli hizi bila kutaja udhaifu wake. Kwanza, modeli hula tarakimu, na tarakimu hutoka maabarani. Ukinzani wa utando ukipimwa vibaya, tarakilishi itahesabu kosa hilo kwa usahihi mkubwa na kulirudisha likiwa limevaa joho la ukweli. Pili, modeli mbili tofauti zinaweza kuzaa umbo moja. Safu ya seli hujikunja kwa kujikaza upande wa juu, lakini yaweza pia kujikunja kwa kusukumwa kutoka pembeni. Kufanana kwa matokeo hakutoshi kuthibitisha chanzo. Jaribio la maabara ndilo linalotoa hukumu. Tatu, seli ni kiumbe hai. Hubadilisha ukakamavu wake kulingana na inavyotendewa, jambo ambalo springi ya chuma haifanyi.

Aidha, kujua si kuponya. Ugunduzi wa mwaka 2020 ulifungua mlango wa fikra kwamba dawa inayoongeza kidogo mkazo wa seli nyekundu ingeweza kuiga kinga ya Dantu. Fikra hiyo ina mtego wake, nao umeshatajwa: bandama huzikataa seli zilizokakamaa, na kapilari huziba. Mwamba ngoma anajua kwamba ngozi isiyovutwa hailii, na kwamba iliyovutwa kupita kiasi hupasuka. Kiasi ndicho kinachotafutwa, na kukitafuta kiasi kwa majaribio ya moja kwa moja kwa watoto hakuwezekani kimaadili. Ndipo modeli inapokuwa na thamani yake kubwa, kwa kuwa inaruhusu maelfu ya ngozi za tarakimu zipasuke kabla ya kuguswa hata moja ya mtoto.

7.0 Nafasi ya Kiswahili

Mwanaisimu atakuwa ametambua kwamba makala haya yametumia istilahi zinazojulikana kwake kwa maana nyingine. Mkazo ni mfano bora. Katika fonolojia, mkazo ni nguvu ya sauti inayowekwa kwenye silabi, na katika Kiswahili kwa kawaida huwa silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mekanika, mkazo ni hali ya kitu kilichovutwa. Maana zote mbili zinatokana na kitenzi kaza, na hakuna inayoinyang'anya nyingine haki yake. Selimundu nalo ni neno ambatani lililoundwa kwa ustadi: asiyewahi kuiona seli huelewa umbo lake mara moja, mradi amewahi kushika mundu. Chotara, neno linalotumiwa na wahakiki kwa tanzu zilizochanganyika, linaifaa jeni ya Dantu bila ya marekebisho yoyote.

Hii haina maana kwamba kazi imekwisha. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilitangulia sehemu kubwa ya elimu iliyoelezwa hapa. Mekanika ya seli inakaa kwenye mpaka wa biolojia, fizikia na hesabu, na istilahi za mpakani huwa yatima: kila somo hulitarajia somo jirani lizilee. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kuzichukua, kuzijaribu katika sentensi kamili, na kuziacha zile zinazokataa kukaa.

Wajibu huu una uzito wa kimaadili pia. Utafiti unaofanywa Kilifi hutanguliwa na ridhaa ya wazazi, na maelezo ya ridhaa hutolewa kwa lugha wanazozielewa, Kiswahili na Kigiriama zikiwemo. Mzazi aliyekubali mwanawe atolewe damu anapaswa kuelezwa si tu kwamba damu ilichukuliwa kwa ajili ya utafiti, bali pia utafiti huo ulibaini nini. Matokeo yakichapishwa kwa Kiingereza peke yake, damu itakuwa imesafiri kwenda na maarifa hayajarudi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba malaria iliua takriban watu 608,000 mwaka 2022, wengi wao wakiwa watoto wa Afrika wasiotimiza umri wa miaka mitano. Elimu inayohusu vifo vya namna hii haifai kuwa mali ya lugha moja.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi seli, tishu na kiinitete vinavyoweza kuhesabiwa kama vitu vyenye mkazo, mpindo na unyumbufu, na jinsi tarakilishi inavyotumia masharti madogo kuzaa maumbo makubwa. Yameonyesha, kwa mfano wa kundi la damu la Dantu, kwamba hesabu hizo zimesaidia kujibu swali la muda mrefu la wazazi wa Pwani. Pia yamedokeza kwamba Kiswahili kina malighafi ya kutosha ya kuibeba elimu hii, ikiwa wenyewe watakubali kuifanya kazi.

Swali la mzazi wa Bamburi sasa lina sehemu ya jibu. Huenda mtoto wa jirani alizaliwa na damu iliyowambwa vyema, kimelea kikagonga, kikateleza. Jibu hilo halimponyi mwenye homa, na chandarua pamoja na kuwahi zahanati bado ndivyo vitu vya kwanza. Lakini mzazi anayeambiwa jambo hilo kwa lugha yake huacha kujilaumu kwa kosa ambalo hakulitenda, na huielewa sababu ya damu kutolewa. Hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuianza leo, kwa kuivutia ngozi ya ngoma hii upande wa wasemaji wa lugha yake.